Nilisingizia Mvua

Bunda, Jumamosi, 1 Machi

Leo Gody fundi amekuja kutufungia intaneti ya nyumbani. Ruta kaiweka juu ya kabati la vyombo, taa zake za kijani zinawakawaka. Simu yangu kaitia programu inayoonyesha kila simu iliyoingia kwenye mtandao wa nyumba, kwa jina lake. "Mwalimu, mwenye nyumba ni wewe," akasema. "Ukitaka mtu asiingie, unagusa hapa tu."

Nikacheka. Nimzuie nani? Tuko wanne: mimi, binti yangu Kulwa wa darasa la nne, mume wangu Baltazari anayerudi wikiendi tu akitoka Kisorya kwa wakulima wake wa pamba, na wifi yangu Prudence, mdogo wake Baltazari, aliyehamia chumba cha uani tangu Januari. Amesomea uuguzi, na mwaka wa tatu huu anasubiri ajira. Neno la siri nimemwandikia mwenyewe kwenye kikaratasi. Akapokea kwa mikono miwili. "Wifi, Mungu akubariki."

Kulwa akauliza kwa nini mtandao unaandikwa wifi na shangazi naye ni wifi. Tulicheka mpaka uji ukaungua.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Form Three wamefeli ramani.

Alhamisi, 6 Machi

Vipindi vyangu vya shahada ya pili ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kwa video. Leo mhadhiri ameganda mdomo wazi mara tano. Nikatazama programu: simu ya Prudence imo, nayo inakula mtandao kuliko zote. Nikatoka. Yuko barazani kwa nyuma, kainamia simu, uso umekaribia kugusa kioo.

"Samahani, wifi," akasema. "Nilikuwa na mama. Huwaga naongea naye saa hizi."

Nikamwambia si neno. Lakini kila siku? Ya kuongea kila siku ni yapi?

Jumapili, 9 Machi

Gari la Mugeta, kijijini kwa mama mkwe, limeleta kuku kafungwa miguu. Mama mkwe hana simu kubwa, ujumbe wake uliandikwa na Yunis, binti wa jirani yake: "Nimesikia mama Kulwa mnashindia dagaa wiki nzima. Chinjeni huyu mle mboga."

Nimesikia! Kutoka kwa nani, kama si Prudence?

Mimi ni mtoto wa seremala wa Musoma mjini. Kwetu hakukuwa na ng'ombe hata wa kuchora ukutani. Siku ya kupelekwa ukweni shangazi mmoja wa Baltazari alisema, mimi nikisikia, kwamba mwanamke asiyejua kukamua hulisha watu upepo. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Leo kuku yule kalia uani, nikamsikia shangazi yule.

Nilimchinja, nikampika, nikasema mtamu. Sikumaliza paja langu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Daraja la njia ya Mugeta limefunikwa na maji, magari hayapiti.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesikiliza mlangoni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mwalimu mzima na beseni la nguo mkononi, nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

Prudence alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Sogeza. Hapo hapo. Mama, usiwe na wasiwasi, hapa hawajui kitu. Hata kaka sijamwambia." Kisha akacheka kidogo. Neno lililofuata lilikuwa la Kiikizu, sikulielewa. Wakitaka nisielewe, wanahamiaga huko.

Jumamosi, 22 Machi

Alhamisi nilikuwa na wasilisho la chuo, sauti ikakatika, wenzangu wakaniruka. Leo nimerudi sokoni nimelowa, nikamkuta Prudence barazani na simu, vyombo vya mchana bado, na Kulwa kaegemea begani kwake wanachekea kioo. Kuniona tu, akaigeuza simu kifudifudi.

Nikaingia chumbani, nikafungua programu, nikagusa jina lake. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikagusa tena.

Baada ya dakika mbili akabisha. "Wifi, mtandao umekata?"

"Ni mvua hii," nikasema. "Hata wangu unasumbua."

Wangu ulikuwa unaenda kama maji ya bomba. Mashavu yaliniwaka moto, lakini nilikaa nikatazama mahubiri mpaka mwisho.

Jumapili, 23 Machi

"Mtandao umerudi, wifi?" "Bado," nikasema.

Jumanne, 25 Machi

Prudence kapiga pasi sare zote za Kulwa na magauni yangu manne bila kuombwa. Nikamfungulia. Hata chakula hajakipakua, kakimbilia barazani. Nikafunga tena. Hazikufika dakika kumi.

Kipindi kimekwenda vizuri. Nimejibu maswali mawili.

Ijumaa, 28 Machi

Ameniomba nimgawie bando la simu yangu. "Dakika tano tu, wifi. Nimwone mama tu."

"Limeisha," nikasema.

"Nimempigia ya kawaida. Haitoshi. Nataka nimwone."

"Si mnaongea? Sura yake umeisahau?"

Alinitazama kana kwamba kuna jambo liko karibu kumtoka mdomoni. Kisha akasema, "Sawa, wifi." Angekasirika ningejisikia vizuri zaidi.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Sijafungua.

Jumatano, 2 Aprili

Nikitoka shuleni nimemwona Prudence amesimama kwenye upenu wa ukuta wa gesti moja ya njia ya stendi, kalowa mabega, simu mkononi. Mlinzi alikuwa anamwambia jambo huku akicheka. Nikapitiliza na bodaboda kama sikumwona.

Nyumbani nilimpigia Baltazari. Sikusema uongo. Nilisema, "Nimemwona mdogo wako gesti." Yaliyobaki nikayaacha ayajaze mwenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Baltazari karudi na sato wawili na uso wa mvua. Kamwita Prudence sebuleni, mlango wazi.

"Gesti unafuata nini?"

"Mtandao, kaka. Pale unashikaga ukikaa karibu na ukuta."

"Mtandao! Nyumbani haupo?"

"Kwangu hausomi."

Kanigeukia mimi. Nikasema ni mvua, unakujaga na kukata. Nilikuwa nakwaruza magamba ya samaki, sikuinua kichwa.

"Mtu mzima unaniaibisha mjini," akamwambia dada yake. "Ukirudia, utarudi Mugeta ukachunge."

Prudence alipiga magoti akaomba radhi. Alipoinuka, kanga yake ilikuwa na alama mbili za vumbi magotini. Sato nimempa kipande cha kichwa na mkia. Kashukuru.

Jumanne, 8 Aprili

Mhadhiri kanisifu. Nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerudi saa kumi na moja, nikakuta pikipiki ya Gody nje. Prudence kamwita kwa pesa yake, aliyopata kwa kufua nguo za jirani.

Gody alikuwa na kompyuta mapajani. Ile orodha ilikuwa wazi kwenye kioo, na jina la simu ya Prudence lilikuwa peke yake, chini, lina alama nyekundu. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Prudence alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai alichomwandalia.

"Ilijifunga yenyewe, dada," Gody akasema. "Hutokeaga." Akagusa mahali, simu ya Prudence ikaanza kulia mfululizo kwa jumbe za siku zote hizo.

Nilimsindikiza getini. Akiwa anavaa kofia yake ngumu akasema, taratibu, bila kuniangalia, "Mwalimu, ile kitu haijifungagi yenyewe." Hakungoja jibu. Nikabaki nimeshika kitasa cha geti. Mtu nisiyemjua hata jina la baba yake alikuwa amenidanganyia ndani ya nyumba yangu ili nisivuliwe nguo.

Sikupata hata nafasi ya kukaa. Nilisikia kutoka barazani, "Yunis! Ngoja, ngoja. Sogeza taa. Mungu wangu. Tangu lini umekuwa mweusi?"

Nikatoka mbio. Kwenye kioo niliona mguu. Mguu wa mtu mzima, umevimba, na vidole viwili vya mwisho vyeusi kama vilivyochomwa. Nilidhani ni mtu mwingine mpaka niliposikia sauti ya mama mkwe nyuma ya simu, "Hakiumi, mwanangu. Ndiyo nasema kimepona, hakiumi."

Sauti ya Prudence ilikuwa imenyooka. Alimwambia Yunis asiuguse, aufunge kwa kitambaa safi, amlaze, atafute gari. Kisha akanishika mkono, mimi, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mama ana sukari. Kidonda kilianza Novemba, kokoto tu la shambani. Alimkataza Prudence asimwambie mtu.

"Alisema kaka akijua atauza ng'ombe, na wewe utaachishwa masomo uje umuuguze. Alisema, mama Kulwa ana mzigo wake, nisiwe mwingine. Nilimfundisha Yunis kukisafisha, na kila jioni namwangalia kwenye video, namwambia hapa dawa, hapa bado. Kilikuwa kinafunga, wifi. Kilikuwa kimebaki kama shilingi. Kisha mvua ikaja."

Kulwa alikuwa kasimama mlangoni. "Shangazi, Bibi atakufa?" Kisha, kwa sababu watoto husema yote kwa pamoja wakiogopa, "Mimi ndiye nilimwambia tunakula dagaa. Aliniuliza ninapenda nini."

Nilisema, "Ngoja nimpigie Baltazari." Hilo ndilo pekee nililosema.

Musoma, Ijumaa, 11 Aprili

Jana gari lilizunguka mbali kukwepa daraja. Tulifika Mugeta mchana, tukamtoa mama kwa godoro, jioni tukawa hospitali Musoma. Njia nzima Prudence aliushika mguu juu ya mapaja yake. Harufu ilijaa garini. Mama aliomba dirisha lifunguliwe, "mama Kulwa asije akatapika."

Leo asubuhi wamemkata vidole viwili. Daktari alisema angeletwa wiki mbili mapema pasingekatwa kitu, na angecheleweshwa wiki moja ungekatwa mguu. Baltazari akampigia dada yake kelele mbele ya watu, kwa nini kaficha. Prudence akajibu, "Ni kosa langu, kaka. Ningetafuta njia nyingine."

Nilikuwa nimesimama kati yao. Nilikuwa na mdomo.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumefikia kwa kaka yangu, mtaa wa Mwisenge, tunapokezana. Mimi nalisha na kuogesha, Prudence anafuatilia kidonda na manesi. Mama anawaambia wagonjwa wenzake, "Huyu ni mkamwana wangu, mwalimu. Kaacha wanafunzi wake kuja kunifulia." Mwanamke wa kitanda cha pili akaniita nimbariki mjukuu wake.

Niliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto yule. Nilitamani mkono ukatike.

Jumatano, 16 Aprili

Nimejaribu kumwambia Prudence mara mbili. Mara ya kwanza akaja nesi. Mara ya pili hakuja mtu, nikauliza kama amekula.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia.

Tulikuwa nyuma ya wodi, kwenye karo wanapofulia wauguzaji. Tulikuwa tunakamua shuka, yeye upande huu mimi upande ule, tunaisokota.

Nikasema, "Haikuwa mvua."

Hakuelewa. Akaendelea kusokota.

"Simu yako niliifunga mimi. Kwenye programu ya Gody. Nilidhani mnanisema."

Shuka ikalegea upande wake. Maji yakamwagikia miguu yetu. Mama mmoja karibu nasi alimaliza kuanika vitenge vitatu.

"Siku ngapi?"

"Kumi na nane."

"Umehesabu."

"Niliandika. Sikukosea hata moja."

"Na gesti? Kaka alijuaje?"

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayepokea majibu ya maabara. Nilitegemea anipige. Ningeshukuru. Akasema, "Mimi nilimwambia mama ni mvua. Kila nilipompigia ile ya kawaida nikamwambia, mama vumilia, ni mvua. Akasema basi tusimkasirikie Mungu, pamba inaihitaji."

Nikaanza kulia. Akaniambia, bila ukali, "Usilie hapa, wifi. Watu watadhani mama amekufa."

Aliichukua shuka yote upande wake, akaikamua peke yake. Akaianika, akainyoosha pembe. Ndipo akasema, "Kaka utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Mama usimwambie. Anakusifu wodi nzima. Usimnyang'anye na hiyo."

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nimemwambia Baltazari baada ya ibada, kwenye mawe ya ufukweni ambako tulikuwaga tunakaa wakati wa uchumba. Alisikiliza yote. Akauliza swali moja: "Nilipomgombeza, ulikuwa unapara samaki?" Nikasema ndiyo. Akaondoka akaenda hospitali kwa miguu. Nilimkuta wodini ameketi sakafuni karibu na dada yake, mama amelala.

Bunda, Ijumaa, 25 Aprili

Baltazari analala sebuleni. Anasalimia. Nimemwita Gody aiondoe ile programu kwenye simu yangu, kafanya bila kuuliza. Nilijaribu kumwomba radhi yeye pia. Akasema, "Mwalimu, mimi ni fundi tu."

Jumamosi, 3 Mei

Mama ameruhusiwa. Kakataa kuja kwetu, anataka kwake Mugeta. Prudence kachukua vitu vyake vyote chumba cha uani na kwenda naye. Kafagia kabla ya kuondoka. Kile kikaratasi cha neno la siri kimebaki dirishani, kimekunjwa vizuri.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda Mugeta. Prudence kanifundisha kufunga kidonda, kwa maneno ya kazi tu. "Nawa tena. Anzia katikati. Usisugue, gusisha." Hakuniita wifi hata mara moja. Nilipogusisha kwa nguvu, akanishika kifundo cha mkono kukiinua, kisha akakiachia upesi.

Jumamosi, 17 Mei

Prudence alikuwa kisimani. Mama amekaa kwenye kiti cha kamba nje, mguu juu ya kigoda, mimi nimepiga magoti na bakuli la maji ya chumvi. Pamba zimeanza kupasuka shambani, nyeupe hapa na pale.

Mama akasema, "Nimemkanya Prudence jana. Nimemwambia una roho gani? Mtu aliyekuuguzia mama yako, humsemeshi vizuri? Hakunijibu. Mtoto huyu amekuwa na kiburi."

Niliendelea kumwagia maji kidole cha tatu. Nilikumbuka nilichoagizwa kwenye karo. Lakini sasa Prudence alikuwa anakemewa mara ya tatu kwa ajili yangu, na mara zote tatu lawama aliibeba yeye.

"Mama, hana kiburi. Mimi ndiye nina kosa. Ule mtandao niliuzuia mimi."

"Ilikuwa mvua," mama akasema kwa upole, kama anayenisaidia.

"Haikuwa mvua, mama."

"Si mlisema mawingu?"

Hajui ruta ni nini. Hajui programu. Maneno yote ambayo ningejifichia nyuma yake hayakuwa na maana kwake, ikabidi niyatupe moja moja, mpaka likabaki kosa lenyewe.

"Prudence alikuwa anakuona kila jioni. Ni kama kulikuwa na mlango. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nikaufunga ili asikuone, siku kumi na nane. Alipouliza, nikamdanganya."

Inzi alitua kwenye bakuli. Mama alinitazama utosini, nilihisi, sikuinua macho.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, mama. Nilidhani mnanisema."

"Tulikuwa tunakusema," akajibu. "Kila siku. Nilikuwa namuuliza, mama Kulwa amerudi salama kazini? Amekula? Mbona amekonda kwenye picha ya Krismasi?"

Prudence alitokea kwenye njia na ndoo kichwani, akatuona, akasimama pale pale alipo. Alijua.

"Funga kidonda," mama akasema. "Inzi wanakuja."

Nikafunga. Nilizungusha bandeji kama nilivyofundishwa, nikaikaza, nikaibana. Mama aliutazama mguu muda mrefu, kisha akageuza uso upande wa shamba. Nilipoaga alisema, "Nenda salama, mwalimu." Huwa haniitagi hivyo. Prudence aliniinulia bakuli, akamwaga maji machafu migombani, akaingia ndani.

Ijumaa, 23 Mei

Wiki nzima sijasikia neno kutoka Mugeta. Baltazari amehamishia mto wake chumbani tena, lakini analala akitazama ukuta.

Leo wakati wa mapumziko, ofisi ya walimu ikiwa na kelele za chai, nimemwandikia Prudence: "Kesho nije?" Nikaifuta. Nikaandika tena, nikatuma kabla sijaogopa. Alama zikaonyesha amesoma. Kengele ikalia, nikaingia darasani, nikafundisha mito na matope yake dakika themanini na simu mfukoni kama kaa la moto.

Saa tisa ndipo alipojibu.

"Bandeji zimeisha. Lete na glavu."

Nimesoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote. Halafu nikakimbilia duka la dawa kabla hawajafunga.